Shajara ya mradi: mtanuko wa ulimwengu na hatima yake kwa kompyuta mpakato moja

Kabla ya kuanza

Swali ni moja lenye sehemu tatu: ulimwengu unatanuka kwa kasi gani leo, ulikuwa unatanukaje zamani, na ukiendelea hivi utafika wapi. Tunalijibu kwa data zilizo wazi kwa kila mtu, na kila hatua inaandikwa ili mwingine aweze kuirudia. Vifaa: kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, Python 3, NumPy, SciPy na Matplotlib. Darubini haihitajiki. Wenye darubini wameshafanya sehemu yao kwa miaka mingi na wameweka matokeo hadharani.

Tumejiwekea sharti moja. Kila namba inayoingia humu ipewe alama mojawapo kati ya tatu: imepimwa, imekokotolewa kutokana na vipimo, au imedhaniwa. Tukifika kwenye mambo ya miaka trilioni, bila alama hizo mtu hupotea bila kujua amepotea.

Wiki ya 1: data

Tumechagua seti ya Pantheon+ iliyotolewa mwaka 2022. Ina mikondo ya mwanga 1,701 kutoka supanova 1,550 za aina ya Ia, kuanzia z = 0.001 hadi z = 2.26.

Supanova ya aina ya Ia ni mlipuko wa kibete cheupe, yaani kiini kinachobaki baada ya nyota kama Jua kumaliza maisha yake. Milipuko hii hufikia kilele cha mwangaza kinachokaribiana sana, hasa baada ya kusahihisha kwa muda wa kufifia na kwa rangi. Inatumika kama karabai za wavuvi wa dagaa usiku: ukijua kwamba karabai zote zina nguvu moja, ile inayoonekana hafifu ndiyo iliyo mbali. Kipimo cha pili ni z, mhamo mwekundu, yaani kiasi ambacho mawimbi ya mwanga yamerefushwa njiani. z = 1 maana yake mawimbi yamefika yakiwa na urefu mara mbili, na mwanga huo ulipoondoka, umbali kati ya galaksi ulikuwa nusu ya ulivyo leo.

Mafaili ni mawili. La kwanza ni jedwali; safuwima tunazohitaji ni zHD, zHEL, m_b_corr na IS_CALIBRATOR. La pili ni matriki ya kovariansi, inayoeleza makosa ya supanova moja yanavyofungamana na ya nyingine. Ni faili la maandishi la makumi ya megabaiti, kwa hiyo mwenye bando dogo alishushe mara moja na alihifadhi kwa muundo wa NumPy (.npy). Likishasomwa linachukua kama MB 23 tu za RAM.

Kosa la kwanza linatokea papo hapo. Mstari wa juu kabisa wa faili la kovariansi una namba 1701, na hiyo ni ukubwa wa matriki, si data. Usipouondoa unapata namba 2,893,402 badala ya 2,893,401, na programu inakataa kuzipanga kuwa mraba. Afadhali hilo, kwa sababu linapiga kelele. Linalofuata hukaa kimya: tunaacha supanova zenye z chini ya 0.01, na zinabaki nukta 1,590. Ukikata jedwali lazima ukate mistari na safuwima za matriki kwa kichujio kilekile, mpangilio ule ule. Ukipanga upya jedwali kwa z kabla ya kukata, matriki haifuati, na majibu yanatoka yakiwa na sura nzuri ilhali si ya kweli.

Kwa nini 0.01? Hapo kasi ya mtanuko ni kama kilomita 3,000 kwa sekunde. Galaksi nazo zina mwendo wao wenyewe wa mamia ya kilomita kwa sekunde, zikivutwa na majirani. Kilomita 300 ni asilimia 10 ya 3,000, sawa na kosa la magnitudo 0.2 hivi (magnitudo ni kipimo cha mwangaza; namba ikiwa kubwa, kitu ni hafifu zaidi). Karibu zaidi ya hapo unapima ujirani, hupimi mtanuko.

Wiki ya 2: kutoka z hadi umbali

Mlinganyo wa Friedmann kwa ulimwengu bapa:

H(z) = H0 √[Ωm(1+z)³ + Ωr(1+z)⁴ + ΩΛ]

H ni kasi ya mtanuko, na H0 ni kasi hiyo leo. Ωm ni sehemu ya maada yote, ya kawaida na ya giza. Ωr ni mnururisho pamoja na nyutrino. ΩΛ ni nishati ya giza, ile inayosukuma mtanuko; ikiwa haibadiliki tunaiita Λ. Umbali wa mwangaza ni (1+z) mara c (kasi ya mwanga) mara intigrali ya dz/H(z) kuanzia 0. Kwa z za supanova Ωr haionekani, tunaiacha hapa. Itarudi wiki ya 5.

Majaribio mawili kabla ya kugusa data, yote kwa H0 = 67.4 (kilomita kwa sekunde kwa megapaseki; megapaseki moja ni kama miaka nuru milioni 3.26):

Ulimwengu wa maada tupu, Ωm = 1, una jibu la kalamu: (2c/H0)(1+z)[1 − 1/√(1+z)]. Kwa z = 0.5 ni megapaseki 2,449. Programu yetu imetoa hiyohiyo.

Kwa Ωm = 0.315 na z = 0.5 inapasa kupata megapaseki 2,927, ambayo kwa moduli ya umbali (umbali ulioandikwa kwa magnitudo) ni 42.33.

Tukae kidogo kwenye hizo namba mbili, maana ndizo kiini cha mradi. Tofauti kati ya 2,449 na 2,927 ni magnitudo 0.39: mwanga unaotufikia ni asilimia 70 ya ule ambao ungetufikia katika ulimwengu wa maada tupu. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalitegemea kupima jinsi mtanuko unavyopungua kasi. Yakakuta supanova za mbali ni hafifu kupita walivyotarajia, dalili kwamba mtanuko unaongeza kasi. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Hatima yote ya ulimwengu imening'inia kwenye sehemu chache za magnitudo, ndiyo maana tunahangaika na kovariansi.

Makosa yaliyojitokeza:

Kwenye NumPy, log ni ya asili. Moduli ya umbali inataka log10. Ukisahau, kila kitu kinazidishwa kwa 2.3026.

z ni mbili. Intigrali inatumia zHD, iliyosahihishwa kwa mwendo wetu na wa galaksi. Kizidishi cha nje (1+z) kinatumia zHEL, ile inayoonwa kutoka kwenye mfumo wa Jua. Tofauti ni ndogo, lakini kwa supanova za karibu inahesabika.

Kukokotoa intigrali 1,590 kwa kila jaribio ni polepole bila sababu. Tunatengeneza gridi ya z yenye nukta 2,000 kutoka 0 hadi 2.3, tunajumlisha kwa kanuni ya trapezi mara moja, kisha tunasoma katikati ya nukta. Kazi ya dakika inakuwa ya sekunde.

Wiki ya 3: kulinganisha na data

Kwa kila Ωm kutoka 0.1 hadi 0.6 kwa hatua ya 0.005 (majaribio 101) tunakokotoa magnitudo inayotarajiwa, tunatoa iliyopimwa, tunapata mabaki Δ. Mwangaza halisi M hatuujui, kwa hiyo tunauondoa kwa hesabu: chi-mraba (kipimo cha jinsi nadharia inavyotofautiana na data; ndogo ndiyo bora) ni A − B²/C, ambapo A ni Δ mara kinyume cha kovariansi mara Δ, B ni jumla ya kinyume cha kovariansi mara Δ, na C ni jumla ya kinyume chote. Usigeuze matriki kila mara. Tumia Cholesky (njia ya kuivunja matriki kuwa pembetatu) mara moja mwanzoni.

Matokeo: chi-mraba ni ndogo kabisa karibu na Ωm = 0.33, sambamba na thamani iliyochapishwa na kundi la Pantheon+, 0.334 ± 0.018. Alama: imekokotolewa.

Tulijaribu pia kutumia diagonali ya matriki peke yake, yaani kosa la kila nukta bila mafungamano, njia ya mkato ambayo wengi huianza nayo. Usiitegemee. Supanova moja iliyoangaliwa na darubini mbili imo mara mbili kwenye jedwali, na kosa la kusawazisha kamera linazigusa mamia kwa pamoja. Diagonali inazihesabu kama mashahidi wasiojuana, na uhakika unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Safuwima ya makosa ya diagonali iliyo kwenye jedwali ni ya kuchorea grafu.

Wiki ya 4: H0, mahali palipokwama

Supanova peke yake hazitoi H0. Ukipandisha H0 kutoka 67.4 hadi 73.04, magnitudo zote zinasogea kwa 0.17 sawasawa, na M inalipokea sogeo hilo bila data kulalamika. Mtu akikuambia amepata H0 kutokana na supanova tu, muulize M ameitoa wapi.

Inatoka kwa nyota za Kefeidi, ambazo muda wa kupwita kwake unaeleza mwangaza wake. Uhusiano huo uliwekwa wazi na Henrietta Leavitt mwaka 1912. Kwenye jedwali, nukta zenye IS_CALIBRATOR = 1 ni mikondo 77 ya supanova 42 zilizomo kwenye galaksi 37 ambako Kefeidi zimepimwa. Kundi la SH0ES lilipata kwa njia hiyo 73.04 ± 1.04. Setilaiti ya Planck, iliyopima mnururisho wa usuli uliobaki tangu ulimwengu mchanga, inaelekeza kwenye 67.4 ± 0.5 ukikubali kielelezo cha kawaida. Tofauti ni 5.64, na ukigawa kwa makosa yaliyojumlishwa ni karibu sigma 5, yaani karibu mara tano ya kosa, vigumu kuwa bahati tu.

Kundi la Wendy Freedman, likitumia darubini ya anga ya James Webb, limepata karibu 70 na makosa mapana zaidi. Sisi hatuchagui upande. Tunaendesha hesabu zote zinazofuata kwa seti mbili, P (67.4, 0.315) na S (73.04, 0.334), na tunaandika zote mbili panapokuwa na tofauti ya maana.

Wiki ya 5: kurudi nyuma

Umri, kwa ulimwengu bapa bila mnururisho:

t = [2 / (3 H0 √ΩΛ)] × asinh(√(ΩΛ/Ωm) × a^1.5)

a ni ukubwa ukilinganisha na leo; leo a = 1. Kubadili vizio: 977.8 gawa kwa H0 inatoa miaka bilioni. Seti P: miaka bilioni 13.80. Seti S: bilioni 12.5. Maada tupu kwa H0 ileile ya P: bilioni 9.7, umri ambao ni mdogo kuliko wa nyota za zamani kwenye vishada duara (makundi ya nyota yenye umbo la mpira) vya galaksi yetu. Hata kabla ya 1998 hilo lilikuwa linawasumbua wataalamu. Seti S nayo inawekwa pembamba na nyota hizohizo, jambo ambalo mara nyingi husahaulika katika mjadala wa H0.

Lini mtanuko uliacha kupungua kasi? Pale a³ = Ωm/(2ΩΛ). Kwa P: a = 0.613, z = 0.63, ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 7.7. Ni kama miaka bilioni 6.1 iliyopita, Jua likiwa bado halijazaliwa. Nishati ya giza ilikuja kuipita maada kwa wingi baadaye, kama miaka bilioni 3.5 iliyopita. Watu huchanganya nyakati hizi mbili. Maada huvuta kwa nguvu ya wingi wake. Nishati ya giza husukuma mara mbili ya wingi wake. Ndiyo maana kasi inageuka mapema.

Sasa Ωr inarudi. Tulitumia fomula ya juu kwa z = 1090, wakati ulimwengu ulipokuwa wazi kwa mwanga, joto likiwa kama nyuzi 3,000 za Kelvini. Ilitoa miaka 478,000. Jibu linalokubalika ni karibu 370,000. Kosa ni kuacha mnururisho, ambao zamani hizo ulikuwa karibu theluthi moja ya maada. Tukiweka Ωr = 9.2×10⁻⁵ tunapata 371,000. Kanuni tuliyobaki nayo: z ikizidi 100, usitumie fomula fupi.

Wiki ya 6: kwenda mbele, nishati ya giza ikiwa thabiti

Alama ya wiki nzima: imedhaniwa kwamba Λ haibadiliki milele. Kila namba ya hapa chini imesimama juu ya dhana hiyo.

Mtanuko unaelekea kuwa wa kuzidishana: kila miaka bilioni 12.2 umbali unakuwa maradufu. H inashuka hadi 55.8 na kutulia hapo. Wengi wanasikia "mtanuko unaongeza kasi" wakadhani H inapanda. Haipandi, inashuka kuelekea kikomo. Kinachoongezeka ni kasi ya galaksi fulani kutuacha, kwa sababu umbali wake unakua.

Upeo wa matukio, intigrali ya dz/H kuanzia −1 hadi 0, umetoka miaka nuru bilioni 16.7. Galaksi iliyo kwenye mpaka huo leo tunaiona kwa z ya karibu 1.9. Zilizo mbali zaidi ya hapo tunaziona bado kwa mwanga wa zamani, lakini mwanga unaoondoka kwake leo hautafika hapa kamwe. Galaksi za z = 14 ambazo James Webb inatuonyesha zimeshavuka zamani.

Kosa la programu: sinh ilitoa "inf" tulipofika miaka trilioni 8.3, maana namba za desimali za kawaida zinaishia karibu 10³⁰⁸. Suluhisho ni kubeba ln a badala ya a. Kwa nyakati za mbali, ln a = t/17.53 − 0.72, t ikiwa miaka bilioni tangu Mlipuko Mkuu.

Kosa la fikra: a(t) haihusu kilichofungwa na mvutano. Galaksi yetu, Andromeda na ndogo zinazozizunguka zitabaki pamoja. Usizidishe kipenyo cha mfumo wa Jua kwa a.

Ratiba iliyotoka, tukiunganisha na fizikia ya nyota (miaka inahesabiwa kuanzia leo):

Miaka bilioni 5 hivi: Jua linamaliza haidrojeni ya kiini na kuvimba. Ndani ya miaka bilioni 10, uwezekano wa galaksi yetu kugongana na Andromeda ni kama nusu kwa nusu kwa hesabu zilizochapishwa mwaka 2025. Hapo awali ilisemwa kana kwamba ni hakika.

Miaka bilioni 100: a ni kama 320. Galaksi zisizofungamana nasi zimeachana na upeo wetu. Joto la mnururisho wa usuli ni chini ya sehemu moja ya mia ya Kelvini. Mwanaastronomia wa wakati huo atakosa ushahidi ambao sisi tunao leo, na hili ndilo jambo lililotugusa kuliko yote katika mradi: tunaishi wakati ambapo historia bado inasomeka.

Miaka trilioni 1.2: mnururisho wa usuli unashuka hadi 2×10⁻³⁰ K, joto linalotarajiwa kwa upeo wenyewe.

Miaka trilioni 10: vibete vyekundu (nyota ndogo zinazoishi muda mrefu) vidogo kabisa vinazimika. Karibu 10¹⁴: nyota mpya haziundwi tena.

Miaka 10⁶⁷: shimo jeusi lenye uzito wa Jua linakuwa limeyeyuka kwa mnururisho wa Hawking, ule ambao nadharia inasema mashimo meusi huutoa. Makubwa kabisa, karibu 10¹⁰⁰. Hakuna aliyeuona mnururisho huo, kwa hiyo alama yake ni "imedhaniwa" mara mbili. Kama protoni huoza hatuwezi kuweka tarehe: Super-Kamiokande ya Japani imesubiri miaka mingi bila kuona hata moja, na kikomo cha chini ni zaidi ya miaka 10³⁴.

Wiki ya 7: nishati ya giza ikibadilika

w ni uwiano wa shinikizo na msongamano wa nishati ya giza; Λ ina w = −1. Kwa supanova za Pantheon+ peke yake w iliyochapishwa ni −0.90 ± 0.14, yaani −1 imo ndani.

Ikiwa w iko chini ya −1 na inabaki hapo, kuna mpasuko: kila kitu hutenganishwa hadi atomu. Muda unaobaki ni takriban (2/3) / (|1+w| H0 √ΩΛ). w = −1.1 inatoa miaka bilioni 117; w = −1.5 inatoa 23. Hapa usiendeshe hesabu kwa hatua za muda, maana a inapaa na hatua inaruka mwisho wenyewe. Tumia ln a kama kigeu na ujumlishe dt = d(ln a)/H.

Mwezi Machi 2025 mradi wa DESI, wenye nyuzi 5,000 kwenye darubini ya Mayall huko Arizona, ulitoa vipimo vya galaksi na kwasa (viini vya galaksi vinavyong'aa sana) zaidi ya milioni 14. Ukiunganishwa na mnururisho wa usuli na supanova, w inayobadilika inapendelewa kwa sigma 2.8 hadi 4.2, kutegemea seti ya supanova. Kwa Pantheon+ (ile ya 2.8) thamani ni w0 = −0.84 na wa = −0.62 hivi, katika umbo w = w0 + wa(1 − a), ambapo w0 ni w ya leo na wa ni kiasi cha kubadilika kwake.

Tumeongeza kwenye programu: msongamano wa nishati ya giza ni a^[−3(1+w0+wa)] × e^[−3wa(1−a)]. Jaribio la lazima: w0 = −1, wa = 0 itoe 1 kwa kila a. Alama ya wa ndiyo hukosewa.

Tulipoipeleka mbele tukapata matokeo ya kuvutia ambayo hatuyakubali. Kwa a = 2, w ni −0.22; kwa a = 3 ni +0.40; kwa a = 4 inapita +1. Nishati ya giza inatoweka, maada inarudi kutawala, mtanuko unapungua kasi, upeo unafutika, na ratiba yote ya wiki ya 6 inaanguka. Lakini umbo hilo la mstari ulionyooka lilitungwa ili kueleza data kati ya a ya 0.3 na 1. Halina fizikia ya a = 4 ndani yake. Hata nyuma lina shida yake: w inavuka −1 karibu na z = 0.35, jambo ambalo nadharia rahisi za uga mmoja haziruhusu.

Kwa hiyo kwenye grafu tumeweka mstari wa wima kwenye a = 1. Kushoto rangi nzito; kulia mistari ya nukta mitatu: Λ thabiti, w = −1.1, na ile ya DESI ikikatwa kwenye a = 1.5.

Kazi iliyobaki

Kuingiza nukta za DESI zenyewe badala ya thamani zilizochapishwa. Zinatumia fimbo ya kupimia yenye urefu wa megapaseki 147 iliyoachwa na mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga, na zinakuja na kovariansi ndogo, kwa hiyo ni kazi ya siku mbili.

Kuandaa programu kwa data za darubini ya anga ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, na za darubini ya Rubin iliyoko Chile. Supanova zitakuwa nyingi kiasi kwamba matriki kamili haitaingia kwenye RAM ya GB 8: nukta 50,000 peke yake zinataka GB 20. Tunaanza kwa kuzikusanya kwenye vikapu vya z, vikapu 50 kwanza, na kuangalia kama Ωm inabaki 0.33.